Mwenyeji kwanza, lakini mwenyeji yupi?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mlangoni pa vyuo vikuu vya umma nchini Marekani methali hiyo haina kazi. Huko mwenyeji ndiye anayetangulizwa, na mgeni husubiri kitakachobaki. Mwenyeji kwa maana hii ni mkazi wa jimbo lenye chuo. Wazazi wake hulipa kodi za jimbo, naye hulipa karo nafuu kuliko mwanafunzi anayetoka jimbo jingine. Juma hili, msikilizaji, tukitazame chuo kimoja tu, Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, kwa sababu historia yake inatufundisha kwamba kusema "mwenyeji kwanza" ni rahisi. Ugumu uko katika kuamua ni mwenyeji yupi.

Katiba ya Texas ya mwaka 1876 iliagiza kijengwe chuo kikuu cha daraja la kwanza, ikakitengea ekari 1,000,000 za ardhi. Mwaka 1883, chuo kilipofunguliwa, kikaongezewa ekari 1,000,000 nyingine. Nyingi zilikuwa ardhi kame za magharibi ya jimbo, zilizoonekana kufaa kwa malisho tu. Kisha mwezi Mei 1923 kisima kilichoitwa Santa Rita kikatoa mafuta, na ardhi iliyodharauliwa ikageuka hazina. Mali ya watu wote wa Texas ikakitajirisha chuo chao.

Nasema chao, lakini si wote walioruhusiwa kukiita hivyo. Mwezi Februari 1946 Heman Sweatt, tarishi wa posta kutoka Houston, aliomba kusoma sheria chuoni hapo. Alikuwa mzaliwa wa Texas na alikuwa na shahada. Alikataliwa kwa sababu moja tu, kwamba alikuwa mtu mweusi. Alipokwenda mahakamani akitetewa na Thurgood Marshall, serikali ya jimbo iliona heri ianzishe shule nyingine ya sheria kwa ajili ya watu weusi kuliko kumfungulia mlango. Kesi ilipofika Mahakama Kuu ya Marekani, majaji walizilinganisha shule hizo mbili. Ya Austin ilikuwa na walimu 16 wa kudumu na vitabu 65,000. Ile mpya ilikuwa na walimu 5 na vitabu 16,500. Tarehe 5 Juni 1950 majaji wote waliamua kwamba Sweatt apokewe Austin. Aliingia mwaka huo, lakini afya yake ilidhoofika na mwaka 1952 akaondoka bila kumaliza. Wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza walisubiri hadi mwaka 1956.

Baada ya hapo mlango ukawa wazi kisheria. Hata hivyo, msikilizaji, mlango kuwa wazi ni jambo moja na kuijua njia ya kuufikia ni jambo jingine. Katikati ya miaka ya 1990 Texas ilikuwa na shule za sekondari zaidi ya 1,000, lakini shule zipatazo 60 tu ndizo zilizotoa nusu ya wanafunzi wapya wa Austin. Nyingi kati ya hizo zilikuwa katika vitongoji vya wenye nacho. Zilikuwapo wilaya nzima za mashambani ambako hakuna aliyekumbuka mtoto wa pale kwenda Austin. Wazazi wa huko nao walikuwa wenyeji, na kodi walilipa.

Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ilivikataza vyuo vya Texas kuzingatia rangi ya mwombaji, na mwaka uliofuata idadi ya wanafunzi weusi na wenye asili ya Meksiko ikashuka. Ndipo mbunge Irma Rangel, mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Meksiko kuingia katika Baraza la Wawakilishi la Texas, alipoongoza muswada wa kutafuta njia nyingine. Wabunge wa mashambani waliona kwamba watoto wao pia watanufaika, nao wakauunga mkono. Gavana George W. Bush aliutia saini mwaka 1997.

Sheria hiyo ilikuwa nyepesi kuelezwa. Mwanafunzi aliyeshika nafasi katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake la mwisho alipata haki ya kuingia chuo chochote cha umma cha jimbo. Shule yenye wahitimu 300 ilikuwa na watoto 30 ambao chuo hakiwezi kuwakataa, iwe shule ya matajiri au ya mji wa mpakani. Mtoto alipimwa kwa wenzake waliokalia madawati yale yale na kufundishwa na walimu wale wale. Mwaka 1999 chuo kiliongeza msaada wa fedha kwa wanaotoka shule ambazo hazikuzoea kupeleka watoto Austin, maana barua ya kukubaliwa hailipi chakula wala malazi.

Malalamiko hayakukosekana. Mzazi wa shule yenye ushindani mkali aliuliza kwa nini mwanawe wa nafasi ya 40 aachwe, ilhali shule nyingine angekuwa wa 5. Wengine walisema, tena kwa haki, kwamba sheria hii inaleta mchanganyiko chuoni kwa sababu tu shule za sekondari zimetengana kwa rangi na kwa kipato. Na kweli, haikuitengeneza hata shule moja dhaifu.

Kisha hesabu ikabana. Mwaka 2008 walioingia kwa sheria hiyo walifikia asilimia 81 ya wanafunzi wapya wenyeji. Mwaka 2009 bunge likaruhusu Austin kuwawekea kikomo cha asilimia 75. Chukua nafasi 100. Wenyeji wana 90. Kati ya hizo, 67 au 68 ni za wanaoingia kwa nafasi ya darasani. Zinabaki kama 22 kwa wenyeji wengine wote, nao ni maelfu kwa maelfu. Kadiri waombaji walivyoongezeka, kiwango kilishuka kutoka asilimia 10 hadi 8, kisha 7, kisha 6, na kwa wanaoingia mwaka 2026 chuo kilitangaza asilimia 5. Tena haki hiyo ni ya kuingia chuoni tu. Uhandisi na biashara vina mchujo wao.

Mwaka 2023 Mahakama Kuu ilipofunga karibu kila njia ya kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi, sheria ya Irma Rangel haikuguswa, kwa kuwa inatazama nafasi ya darasani peke yake.

Maoni yangu ni haya. Chuo cha umma kikitangaza kwamba kimewatengea wenyeji nafasi 90 katika kila 100, tusishangilie kabla ya kuuliza wametoka shule zipi. Sweatt alikuwa mwenyeji. Mtoto wa mashambani alikuwa mwenyeji. Wote wawili walihesabiwa siku ya kodi na kusahauliwa siku ya kuchagua wanafunzi. Sheria ya 1997 ina kasoro, lakini ilimpa mtoto wa shule isiyojulikana jambo ambalo hakuwa nalo kabla: kujua mapema, kabla ya kujaza fomu, kwamba akiwashinda wenzake darasani nafasi yake ipo.