Urojo wa Zanzibar: Namna ya kuupika nyumbani kwa saa moja

Na Mwandishi Wetu

UROJO ni miongoni mwa vyakula vya mitaani vinavyopendwa mno katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kwa upande wa Bara wengi huufahamu kwa jina la Zanzibar mix. Ni bakuli moja lenye viazi, bhajia, kachori, chatini na vikorokoro vingine, vyote vikiwa vimemwagiwa mchuzi mzito wa rangi ya manjano wenye ukali wa ukwaju, ndimu au embe bichi. Mchuzi huo ndio urojo wenyewe. Vilivyobaki ni vya kuusindikiza.

Wengi wanaojaribu kuupika nyumbani hukwama hapo hapo kwenye mchuzi. Hutoka na mabonge, au hubaki na harufu ya unga mbichi, au viazi hukataa kuiva. Kasoro hizo zote huondoka iwapo mpishi atafuata utaratibu wa nini kitangulie na nini kifuate, na kazi nzima haizidi saa moja.

Asili yake

Wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao kutoka Kutch na Gujarat, walikuja pwani ya Afrika Mashariki kwa pepo za kaskazi na kurejea kwao kwa kusi kwa karne nyingi. Idadi yao visiwani iliongezeka baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Zanzibar kutoka Muscat, karibu mwaka 1840. Pamoja nao yalikuja majina ya vyakula: bhajia, kachori, chapati, achari.

Hata hivyo, si majina yote yaliyobaki na maana yake ya kwanza. Huko Rajasthan na Gujarat, kachori kwa kawaida ni kinyunya cha ngano kilichojazwa nafaka za jamii ya kunde na viungo. Unguja na Mombasa, kachori ni donge la viazi vilivyopondwa, likachovywa katika rojo la unga na kukaangwa, kitu kinachofanana zaidi na batata vada ya mjini Mumbai. Ukwaju nao una kisa chake. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya India, ilhali mkwaju ni mti wa asili ya Afrika uliofika India zamani sana. Muhogo, ambao chipsi zake hunyunyizwa juu ya bakuli, uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazil. Mambo hayo yote yamekutana ndani ya bakuli la Unguja, na kwa sababu hiyo mwandishi haoni haya kuuita urojo chakula cha Waswahili.

Mahali panapojulikana zaidi na wageni kwa vyakula vya jioni ni bustani ya Forodhani, iliyokarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009.

Mahitaji

Kwa watu 4, tayarisha viazi mbatata 6 vya ukubwa wa kati, embe bichi 1, ukwaju kiasi cha gramu 50, ndimu 2, vitunguu maji 2, nusu ya nazi iliyokunwa, punje chache za kitunguu saumu, pilipili mbichi na fungu moja la kotmiri, ambayo Bara huitwa giligilani. Mchuzi unahitaji vijiko 4 vya chakula vya unga wa ngano, kijiko 1 cha unga wa dengu na nusu kijiko cha chai cha manjano. Bhajia zinahitaji kikombe kimoja na nusu cha unga wa dengu. Ongeza chumvi na mafuta ya kukaangia, ambayo ndiyo gharama kubwa katika shughuli hii. Chevra na chipsi za muhogo uliokunwa hununuliwa tayari. Anayetaka kuzikaanga mwenyewe asitarajie kumaliza kwa saa moja. Kachori pia zimeachwa nje ya mapishi haya kwa sababu hiyo hiyo.

Mchuzi

Roweka ukwaju kwanza katika kikombe kimoja cha maji ya moto, uachwe kwa robo saa, kisha ukamuliwe na kuchujwa ili kokwa na nyuzi zibaki kwenye chujio.

Wakati huo menya viazi, uvikate vipande vya kuingia kijikoni, na uvichemshe katika lita moja na robo ya maji yenye chumvi na manjano. Viive kabisa, lakini visivunjike. Maji yake yasimwagwe.

Koroga unga wa ngano na ule wa dengu katika kikombe kimoja cha maji baridi, halafu uchuje. Maji yawe baridi kwa sababu unga ukikutana na maji ya moto, sehemu ya nje ya kila bonge huiva na kuufungia ndani unga mkavu. Mimina uji huo polepole ndani ya sufuria ya viazi huku ukikoroga, upunguze moto, na uache uchemke kwa dakika 10. Usiache mwiko, kwani unga wa dengu hushika chini upesi. Ukiuonja na kukuta bado una uchungu wa unga mbichi, uongezee dakika.

Sasa ndipo tia embe lililomenywa na kukunwa, na baada ya dakika 5 maji ya ukwaju. Ukali huzuia viazi kulainika. Vikitiwa ukwaju mapema, vitabaki vigumu hata vikichemshwa nusu saa. Tena ukali ukichemshwa muda mrefu pamoja na unga huupunguzia mchuzi uzito wake. Ndimu hukamuliwa mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeepuliwa. Mchuzi mzuri ni mzito kuliko supu na mwepesi kuliko uji.

Bhajia na chatini

Changanya unga wa dengu, vitunguu na kotmiri vilivyokatwakatwa, pilipili na chumvi. Tia maji kidogo kidogo mpaka upate rojo linaloshikamana na kijiko, kisha ulipige kwa dakika 3 au 4 ili liingie hewa. Likipigwa vizuri, halihitaji hamira.

Mafuta yasizidi nusu ya karai. Dondosha tone la rojo: likizama na kutulia, mafuta bado, likipanda huku likitoa mapovu, yako tayari, likigeuka kahawia papo hapo, yamepita kiasi. Mafuta yakishika moto, zima jiko ukiweza kulifikia na funika karai kwa mfuniko. Usimwage maji kamwe, kwani maji huyarusha mafuta yanayowaka jikoni kote.

Chatini ni nazi, pilipili mbichi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu, vikasagwa pamoja kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Hiki ndicho kitu pekee katika bakuli kisichopita motoni, na kwa hiyo ndicho cha kuchungwa zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka 2001 kuhusu usalama wa chakula, linashauri matumizi ya maji salama, na kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Chatini ya nazi nayo ni vyema isagwe karibu na wakati wa kula, na isilale nje ya jokofu.

Kupakua

Weka bhajia 3 au 4 ndani ya bakuli na uzivunje, kisha mimina mchuzi na viazi vyake vikiwa vya moto. Fuatisha kijiko cha chatini na pilipili kwa kadiri ya mlaji. Anayependa huongeza yai la kuchemsha au mishikaki. Chevra na chipsi za muhogo huwekwa mwisho, mlaji akiwa ameshakaa, ili zisilowe.

Mchuzi ukibaki, uhifadhiwe mbali na bhajia ndani ya jokofu. Kesho yake utakuwa umeganda. Wakati wa kuupasha uongezewe maji ya moto, uchemke vizuri, na ukamuliwe ndimu upya.