Shamba la Paa: Historia Fupi ya Kulima Bila Jembe

Leo ni zamu yangu kuandika, na nitaanza na picha.

Mwezi uliopita kaka yangu, yule aliyehamishiwa Kentucky, Marekani, alinitumia picha kwa WhatsApp. Uwanja mdogo katikati ya msitu, majani mabichi yamejaa. Akaandika: "Hapa hakuna jembe lililopita. Na chakula chenyewe si cha watu, ni cha paa."

Nikamwonyesha mama. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Yaani huko wanyama wanapandiwa, na sisi huku mgao umepunguzwa?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma.

Kwanza, hao paa. Ni wale wenye mkia mweupe kwa chini. Wenyeji wa asili wa Amerika waliwala na kuvaa ngozi zao kwa karne nyingi. Walipofika Wazungu, ngozi ikawa biashara kubwa ya kuvuka bahari, misitu ikakatwa, na wawindaji wakauza nyama mijini bila mpaka. Kufikia mwaka 1900 hivi, inakadiriwa walibaki chini ya laki tano. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya Lacey, iliyokataza kusafirisha toka jimbo hadi jimbo wanyama waliowindwa kinyume cha sheria. Mwaka 1937 ikaja ya Pittman-Robertson: kodi ya bunduki na risasi iende kwenye kuhifadhi wanyama. Leo paa hao wanakadiriwa kufika milioni 30 hivi. Kwa hiyo mama asidhani ni huruma tupu. Mwindaji anapanda ili paa wazoee kuja pale, wanenepe, naye apate nyama.

Sasa, kwa nini halimi? Hapa ndipo historia inatuhusu sisi.

Mwaka 1837 fundi chuma mmoja wa Illinois, John Deere, alitengeneza plau ya chuma laini ambayo udongo mzito haukuing'ang'ania. Plau za aina hiyo zikafungua mbuga pana za Marekani. Majani yaliyokuwa yameshika udongo kwa mizizi yakapinduliwa, ngano ikapandwa, watu wakapata hela. Halafu miaka ya 1930 mvua ikakata. Udongo mtupu, mkavu, ukapeperuka. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilifanya mchana uwe giza kabisa. Watu wengi sana walihama, wamebeba magodoro juu ya magari. Jamani, hata wao walikuwa wakimbizi ndani ya nchi yao! Mwezi huo huo serikali ikapitisha sheria ya kuhifadhi udongo.

Mwaka 1943 Edward Faulkner akatoa kitabu, Plowman's Folly, akisema wazi kwamba plau ndiyo inayoharibu ardhi. Wataalamu wengi walimpinga. Lakini mwaka 1962, kule kule Kentucky alipo kaka yangu, mkulima Harry Young alipanda mahindi bila kulima, kwenye kipande kidogo tu, kama ekari 0.7. Kilichomsaidia ni dawa mpya za kuua magugu. Majirani wakaja kushangaa. Mwaka 1972 Herbert Bartz, mkulima wa Brazili aliyechoka kuona mvua ikibeba shamba lake, alimtembelea Young, akarudi kwao Paraná na kuanza. Leo Brazili mamilioni ya hekta yanapandwa hivyo.

Wapandaji wa chakula cha paa walichukua njia hiyo kwa sababu nyepesi: trekta haiingii msituni. Wanasubiri mvua iwe karibu, wanamwaga mbegu ndogo ndogo juu ya ardhi, kisha wanafyeka majani yaangukie juu yake. Majani yanakuwa blanketi. Unyevu haupotei, tone la mvua halipigi udongo moja kwa moja, minyoo inafanya kazi ya jembe.

Sasa turudi hapa Nakivale. Kiwanja chetu kiko kwenye mteremko. Kila mvua ikinyesha, maji yanashuka mekundu, na ule wekundu ndio chakula chetu kinaondoka. Nilimwambia mama tusilime msimu huu. Akacheka: "Shamba lisilolimwa ni la mvivu. Majirani watasema nini?" Tukabishana siku mbili. Mwishoni akanipa mistari mitatu ya chini. Nimetoboa mashimo kwa kijiti, nimeweka maharage, nimefunika kwa majani makavu na mabua ya mahindi. Dawa sina hela ya kununua, na zingine ni sumu kali hata kwa mtu, kwa hiyo magugu nang'oa kwa mkono. Shida kubwa ni mbuzi wa watu, wanakula blanketi langu!

Siwezi kuwaambia nimefaulu, maharage ndiyo yanachomoza. Ila jana baada ya mvua nilikwenda na mama kuangalia. Maji yaliyotoka kwenye mistari yangu hayakuwa mekundu sana. Mama hakusema kitu. Aliinama, akafunua majani, akagusa udongo kwa kidole, akaufunika tena.

Nyie mliko Nyarugusu, Kakuma na Mahama, wazee wenu walikuwa wanapandaje kwenye milima? Na mbuzi mnawazuia vipi? Andikeni hapa chini, tufundishane.