Kima cha Chini, Mafao na Kuporomoka kwa Viwanda vya Dar es Salaam

Kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kisheria Dar es Salaam mwaka 1957, nacho kilikuwa senti 42 kwa saa. Kilipatikana kwa migomo. Makuli wa bandarini waligoma Septemba 1947 na mgomo wao ukafuata reli hadi bara. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana kuwa Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika, TFL, katibu mkuu wake wa kwanza akiwa Rashidi Kawawa. Wengi wa wafanyakazi hao walipanga Kariakoo na Ilala, katika nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, familia moja chumba kimoja. Kwa watu hao mshahara ulipimwa kwa kodi ya chumba, unga, mafuta ya taa na nauli.

Baada ya Uhuru mambo yalikwenda haraka. Kuanzia Januari 1963 kima cha chini cha mjini kilipanda hadi shilingi 150 kwa mwezi. Sheria ya mwaka 1962 ilimpa haki ya kiinua mgongo mfanyakazi aliyeachishwa kazi, na mwaka 1964 ukaanzishwa mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, mzazi wa NSSF ya leo, ambao mwajiri na mwajiriwa wote wawili waliuchangia. Mwaka huohuo sheria ya usalama wa ajira ilimzuia mwajiri kumfukuza mtu kwa hasira za asubuhi moja: ilibidi makosa yafuate utaratibu, na kamati ya wafanyakazi isikilizwe.

Mafao hayo yalikuwa na bei yake. Sheria nyingine ya 1962 iliufanya mgomo halali kuwa jambo lisilowezekana, na baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa ndani. TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa nchi nzima, ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia waziri wa kazi. Tangu hapo mshahara ulitangazwa na serikali, na chama kikabaki kuueleza kwa wanachama. Jambo hili halina budi kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba madai ya vyama ndiyo yaliyoua viwanda, kwani viwanda vingi vya Dar es Salaam vilijengwa baada ya vyama huru kuvunjwa.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa upande wa pili unatoka mashambani. Mishahara ya wakata mkonge ilipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, waajiri wa Tanga walipunguza makumi ya maelfu ya watu na kuwabana waliobaki wakate zaidi. Ripoti ya H. A. Turner wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1967, ilionya kwamba mishahara ilikuwa inakimbia mbele ya uchumi, na serikali ikaweka ukomo wa nyongeza wa asilimia 5 kwa mwaka. Hoja hiyo ina uzito, ila bei ya mkonge duniani nayo ilikuwa inaporomoka kwa sababu ya kamba za plastiki.

Mjini, kipindi cha viwanda vya umma kilianza na Azimio la Arusha, 1967. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa mkopo wa China, kilianza kazi mwaka 1968; kikafuatwa na kiwanda cha zana za kilimo hapohapo Ubungo. Urafiki ilisokota, ikafuma na kutia rangi khanga na vitenge vilivyouzwa kwa jora Mtaa wa Uhuru, pembezoni mwa Kariakoo. Kuajiriwa huko kulimaanisha zamu zinazojulikana, likizo yenye malipo, matibabu na chakula cha kantini. Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa 1971 ulipokataza ubabe wa viongozi, wafanyakazi waliuchukua kwa maana yake halisi. Juni 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, walimtoa mwenye mali na kuendesha uzalishaji wenyewe, hatua iliyozidi ile ya wenzao wa kampuni ya magari ya General Motors kule Flint, Marekani, waliokaa ndani ya kiwanda majira ya baridi ya 1936 na 1937 mashine zikiwa zimezimwa.

Anguko lilikuja katika miaka iliyofuata, na takwimu zake zinajieleza. Kima cha chini kilikuwa shilingi 380 mwaka 1975, 600 mwaka 1981 na 810 mwaka 1984. Kwenye karatasi kiliongezeka zaidi ya maradufu. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei zilikuwa zikipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka, kwa hiyo mshahara wa mwezi haukufika hata katikati ya mwezi. Mfanyakazi wa zamu ya asubuhi alirudi nyumbani kufuga kuku, mkewe akakaanga maandazi ya kuuza, na mapato ya maandazi mara nyingi yakaupita mshahara. Viwanda wakati huo vilizalisha robo hadi theluthi ya uwezo wake. Sababu zilikuwa vipuri na malighafi zilizokosa fedha za kigeni, gharama za vita vya Uganda vya 1978 na 1979, mafuta ghali, na umeme na maji ya kukatikakatika. Mafao yalikuwa mzigo kwa maana moja tu: kiwanda kilichosimama kiliendelea kulipa watu waliokaa kando ya mashine zisizozunguka. Mshahara wenyewe ulikuwa ukipungua thamani muda wote viwanda vilipokuwa vinadhoofika, na kitu kinachopungua ni vigumu kukilaumu kwa kupanda kwa gharama.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa. Kariakoo ilibadilika mbele ya macho ya watu: rafu zilizokuwa tupu zikajaa, na marobota ya mitumba yakafunguliwa barabarani. Mnunuzi alipata nafuu ya kweli, naye mfumaji wa Ubungo akapata mshindani asiyelipa kodi ya kiwanda wala kiinua mgongo. Katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yaliuzwa au kufungwa. Urafiki iligeuzwa kampuni ya ubia, China ikiwa na asilimia 51 na Tanzania 49; ajira za kudumu zikapungua na mikataba ya muda mfupi ikaongezeka.

Upande wa magari, nchi haikuwahi kuwa na kiwanda kikubwa. TAMCO ya Kibaha iliunganisha malori ya Scania, na mradi wa Nyumbu wa jeshi, Kibaha pia, ulitengeneza lori lake. General Tyre ya Arusha, kiwanda cha matairi, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2009, mwaka uleule General Motors ilipoomba kinga ya kufilisika Marekani. Huko wengi walivilaumu viwango vya mishahara vya chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, na bima ya afya ya wastaafu, gharama iliyokuwa nzito kwelikweli. Tanzania haikuwa na gharama ya namna hiyo, na bado gari lililotumika kutoka Japani lilitawala barabara. Kazi ya magari ikahamia kwa wauza vipuri vya mtumba wa Shaurimoyo na mafundi wa Gerezani wanaochomelea bodi na kunyoosha bampa kwa nyundo.

Sheria ya ajira ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, hadi miaka 10. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha sekta ya viwanda na biashara kuwa shilingi 150,000. TUICO, chama cha sekta hiyo, huandikisha wanachama palipo na mwajiri mwenye orodha ya malipo. Kariakoo, msaidizi wa duka hupewa hela yake jioni mkononi shata likiteremshwa, na mbeba mizigo hulipwa kwa robota, akiumwa siku hiyo halipwi.