Upande wa Nyuma wa Hadibodi

Baba yangu alikuwa seremala. Vipande vya hadibodi vilivyobaki akipiga dari ndivyo vilivyokuwa mbao zetu za kuandikia. Upande wa mbele ulikuwa laini, chaki inateleza. Upande wa nyuma una alama za wavu, kama gunia. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba wavu ule huwekwa ili mvuke na maji vipate pa kutokea ubao unaposhindiliwa.

Aliyeibuni hadibodi ni William Mason, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi na Thomas Edison. Mnamo 1924, mjini Laurel, Mississippi, alichukua mabaki ya viwanda vya mbao, akayajaza katika mtungi wa chuma, akaingiza mvuke wa shinikizo kubwa mno, kisha akaufungulia ghafla. Umewahi kukaanga bisi? Ni vivyo hivyo. Mvuke uliojipenyeza ndani ya mti hutanuka mara moja, na mti hutoka umechambuka kama sufi ya kahawia. Lignini, ile gundi inayoushikilia mti, inakuwa imeshalainika, tayari kuzishika tena nyuzi zikishindiliwa kuwa ubao.

Lakini mimi navutiwa zaidi na maji yaliyooshea nyuzi zile. Joto huivunja hemiselulosi, sehemu nyingine ya mti, na hiyo imejengwa kwa sukari. Kampuni ya Mason ilikuja kuyachemsha maji hayo mpaka yakawa mazito, ikayauza kama molasi ya ng'ombe. Mtu alitafuta ubao, akaifungulia sukari mlango!

Kwamba hata selulosi, yaani nyuzi zenyewe za mmea, imejengwa kwa sukari kulijulikana tangu 1819, Henri Braconnot alipoyeyusha matambara ya kitani kwa asidi ya salfuriki huko Nancy, Ufaransa. Asidi kali, hata hivyo, hula mitambo. Njia nyingine ilijitokeza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahema ya wanajeshi wa Marekani yalipokuwa yakioza katika Visiwa vya Solomon. Kuvu iliyopatikana huko, Trichoderma, ina vimeng'enya vinavyoikata selulosi kuwa glukosi taratibu, bila asidi. Ila hema ni pamba, karibu selulosi tupu. Ipe kuvu hiyo bua kavu, lignini itaizuia. Ndipo mvuke wa Mason ukahitajika tena: kampuni ya Iogen, Ottawa, iliutumia kuyapasua mabua ya ngano kabla ya kuyatia vimeng'enya, na mwaka 2004 ikaanza kutoa ethanoli iliyochachushwa kutokana na sukari yake.

Kipande kimoja cha baba ninacho hadi leo. Ukingo wake uliwahi kulowa mvua, ukavimba. Nikiusugua kwa kidole gumba, nyuzi zinaachana moja moja.