Santuri ya Kwanza ya Fairport Convention

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Methali hii twaitumia mara nyingi tunapozungumzia utamaduni wetu, hata pengine tukadhani kuwa mataifa makubwa ya Ulaya hayaihitaji. Historia ya bendi moja ya Uingereza, Fairport Convention, yatuonyesha kwamba sivyo.

Bendi hiyo ilianzishwa London mwaka 1967 na vijana. Jina lake lilitokana na nyumba iliyoitwa Fairport, katika mtaa wa Muswell Hill, walimofanyia mazoezi. Santuri yao ndefu ya kwanza, yenye jina la bendi yenyewe, ilitolewa mwaka 1968. Tukiisikiliza twatambua ustadi wao, lakini twatambua pia kwamba masikio yao yalielekea ng'ambo ya Atlantiki. Pamoja na nyimbo walizozitunga wenyewe, waliimba za Joni Mitchell wa Kanada na za watunzi wa Marekani. Wimbo wa jadi wa nchi yao haukuwamo hata mmoja.

Mabadiliko yalianza mwaka huo huo, Sandy Denny alipochukua nafasi ya mwimbaji Judy Dyble. Denny alikuwa amezoea kuimba nyimbo za jadi katika vilabu, na wenzake wakavutiwa nazo. Mwaka 1969 walirekodi "A Sailor's Life", wimbo wa kale kuhusu binti amtafutaye mpenzi wake baharia. Wimbo huo ulichukua dakika 11, na ngoma zilipigwa na kijana Martin Lamble.

Kabla santuri yenye wimbo huo haijatoka, msiba ukawafika. Tarehe 12 Mei 1969, walipokuwa wakirudi usiku kutoka Birmingham, gari lao lilipata ajali katika barabara kuu ya M1. Lamble alifariki akiwa na umri wa miaka 19, pamoja na rafiki mmoja wa bendi. Waliosalia walijiuliza kama waivunje bendi. Mwishowe waliazimia kuendelea, ila hawakuwa na moyo wa kurudia nyimbo walizokuwa wakipiga na marehemu. Ndipo mpiga besi Ashley Hutchings alipoingia katika maktaba ya Cecil Sharp House, London, zilikohifadhiwa nyimbo zilizokusanywa kwa wananchi wa vijijini. Desemba 1969 ikatoka santuri ya "Liege & Lief", ambamo nyimbo za kale zilipigwa kwa magitaa ya umeme, ngoma na fidla ya Dave Swarbrick.

Je, wale wa santuri ya kwanza waliishia wapi? Hutchings alianzisha Steeleye Span ili azame zaidi katika muziki wa jadi. Richard Thompson aliondoka mwaka 1971, akawa mmoja wa watunzi na wapiga gitaa wanaoheshimiwa sana nchini mwake. Simon Nicol naye aliondoka mwaka huo, kisha akarejea akawa nguzo ya bendi. Dyble aliacha muziki kwa miaka mingi akafanya kazi ya maktaba, akairudia sauti yake uzeeni, na kufariki mwaka 2020. Ian Matthews alishika njia ya Marekani, na mwaka 1970 wimbo wa Joni Mitchell, "Woodstock", ulimfikisha nafasi ya kwanza Uingereza.

Basi, tusiseme kwamba kuiga hakuna faida, Matthews alifaulu. Wala wenzake hawakuyatupa magitaa. Tofauti ni hii: bendi za kuiga California zilikuwa nyingi, lakini nyimbo zile zilizolala maktabani zilikuwa zikimngoja mtu wa kuziuliza. Vijana hao waliziuliza wakiwa katika majonzi. Sisi walimu na wanafunzi hatuna haja ya kungoja msiba. Na wazee wanaozijua nyimbo zetu hawatungoji milele.