Ashura: Furaha au Msiba?

Kila ifikapo mwezi 10 Muharram tunakumbuka wazee wetu wa Litapunga, Mpanda, walivyofunga kimya kimya, nasi watoto tukiuliza: hii ni funga ya furaha au ya msiba?

Historia inajibu. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina aliwakuta Mayahudi wakifunga siku hiyo kwa kuokolewa Nabii Musa (a.s.), akaifunga na kuamrisha ifungwe. Ramadhani ilipofaradhishwa mwaka 2 Hijria, Ashura ikabaki sunna. Imam Hussein (r.a.) aliuawa Karbala mwaka 61 Hijria (680 Miladia), funga ikiwa imekwishathibiti.

Basi tusigombane: kumhuzunikia mjukuu wa Mtume hakuondoi shukurani. Tufunge na tarehe 9, aliyoazimia Mtume (s.a.w.) akafariki kabla haijafika. Wallahu aalam.