Ujana Usio na Mwisho: Kazi na Njia ya Utu Uzima kwa Vijana wa Kiume wa Gerezani na Kariakoo

Ikisiri

Makala hii inapinga dai kwamba mtoto wa kiume nchini Tanzania amesahauliwa kwa sababu mtoto wa kike amebebwa. Kwa kuchunguza kazi za vijana wa Gerezani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, inajenga hoja kwamba kinachowakwamisha zaidi ni kukosa kazi yenye hatua na ukomo, itakayowavusha kutoka ujana kwenda utu uzima.

Dai la kusahauliwa

Katika semina, mahubiri na vipindi vya redio, limezoeleka dai kwamba taifa lilimwinua msichana likamwacha mvulana. Dai hilo lina pa kushikia: kwa miaka ya karibuni wasichana wanaofanya mtihani wa kidato cha nne wamewazidi wavulana kwa idadi. Hata hivyo, mmoja kusonga mbele hakuthibitishi kwamba amemnyang'anya mwenzake. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021, uliowafungulia shule wasichana waliojifungua, uliwahusu pia wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu nyingine. Mvulana aliyeacha darasa akaenda kubeba mizigo Kariakoo alipata njia ya kurudi kutokana na madai yaliyopiganiwa kwa miaka mingi na watetezi wa wasichana. Elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016, nayo haikubagua jinsi. Ikiwa mvulana hakurudi shuleni, sababu itafutwe katika kile kilichomvuta mtaani na kinachomshikilia huko.

Dola na kijana wa mjini

Hofu dhidi ya vijana wa kiume mjini ina historia ndefu. Andrew Burton, katika utafiti wake wa mwaka 2005 kuhusu Dar es Salaam chini ya Waingereza, anaonyesha jinsi utawala ulivyowahesabu vijana wasio na ajira rasmi kuwa wahuni, ukawakamata na kuwarudisha vijijini. Uhuru ulibadili watawala kuliko ulivyobadili mtazamo huo. Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983 iliendeleza misako ya walioitwa wazururaji, na Januari 2015 uvumi kuhusu kundi la vijana wahalifu lililoitwa Panya Road ulitosha kuwafanya wakazi wa jiji wajifungie ndani.

Sera za kirafiki nazo hazikwenda mbali zaidi. Desemba 2018 Rais Magufuli aligawa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na machinga wakapanga bidhaa zao kandokando ya barabara bila kubughudhiwa. Oktoba 2021 waliamriwa kuondoka. Ndani ya miaka mitatu mtu yuleyule alikuwa mjasiriamali anayetambulika, kisha kero ya barabarani. Katika hali zote mbili swali la dola lilikuwa ni wapi kijana akae. Atakuwa nani baada ya miaka kumi, hakuna aliyeuliza.

Kazi zenye ukomo na zisizo nao

Tofauti kati ya kuwa na mahali pa kukaa na kuwa na njia ya kusonga mbele huonekana vizuri zaidi kazini. Chukua mfano wa winga wa Kariakoo. Hana fremu wala bidhaa. Humpokea mteja Mtaa wa Kongo au Msimbazi, humtembeza madukani, na riziki yake hutoka katika cha juu anachoongeza kwenye bei ya mwenye duka. Kazi hiyo inataka kumbukumbu ya bei, ulimi mwepesi na uaminifu wa kiasi chake. Siku njema inalipa. Lakini winga wa mwaka wa kumi yuko palepale alipo winga wa mwezi wa kwanza. Kodi ya fremu na kilemba chake vinamzidi uwezo, na ujuzi wake hauna cheti ambacho benki ingekisoma.

Ukivuka kuelekea karakana za Gerezani, pale Dasico na mitaa inayozunguka, unakuta mpangilio mwingine. Kijana huingia akiwa saidia fundi: anashika vyuma, anapiga msasa, anatumwa chai. Siku moja anakabidhiwa mashine ya kuchomelea. Baadaye anaachiwa geti dogo la mteja asiye na haraka, kisha wateja wanaanza kumwulizia yeye kwa jina. Hapo ameshakuwa fundi, na hakuna anayebisha. Njia hii isipambwe kupita kiasi: mara nyingi haina mkataba wa maandishi, macho huungua kwa kukosa miwani, na wasichana karibu hawapo. Pamoja na kasoro hizo, ina ngazi na ina mlango wa kutokea.

Bodaboda zinatoa ushahidi mzuri zaidi, kwa kuwa kazi ni moja na chombo ni kilekile. Dereva wa hesabu humpelekea tajiri kiasi kilichopangwa kila siku, na akifanya hivyo miaka mitano, pikipiki bado ni ya tajiri. Dereva wa mkataba naye hulipa, tena pengine zaidi, lakini malipo yakikamilika chombo kinakuwa chake. Mkataba una mitego yake: akikosa hesabu chache, anaweza kunyang'anywa pikipiki aliyokaribia kuimaliza. Hata hivyo ana tarehe ya kuhesabia, na kwa tarehe hiyo anaweza kupanga mahari, ada au chumba.

Zamani jando, kwa Wazaramo na watu wengine wa pwani, lilimpa mvulana tarehe kama hiyo. Aliyetoka jandoni alijulikana na jamii nzima kuwa ametoka. Tohara ya hospitali imepunguza hatari, na ni heri, lakini haikubeba hadhi iliyoambatana na jando. Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo lingeweza kuziba pengo hilo na ambalo mafunzo yake ya lazima kwa wasomi yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, linawalenga kwa lazima wahitimu wa kidato cha sita. Aliyeishia darasa la saba anategemea nafasi za kujitolea.

Gharama ya kungoja

Alcinda Honwana na Marc Sommers, wote katika vitabu vya mwaka 2012, wameeleza kizazi cha vijana wa Kiafrika kilichokwama kati ya utoto na utu uzima. Nchini Rwanda, anaonyesha Sommers, kijana asiyejenga nyumba hahesabiwi mwanamume kamili. Margrethe Silberschmidt, aliyetafiti Kisii nchini Kenya na Dar es Salaam, aliandika mwaka 2001 kwamba wanaume walioshindwa kutimiza wajibu wa kulisha familia hutafuta heshima kwa wingi wa wapenzi na kwa ukali. Hivyo gharama hulipwa na wake na watoto pia.

Mtu anaweza kujibu kwamba haya yote ni umaskini tu. Umaskini upo, ila hauelezi kwa nini kubeti kumeshika mizizi miongoni mwa vijana wanaofanya kazi kila siku. Kwa asiyeona hatua inayofuata, mkeka wa kubeti wa shilingi chache ndio sehemu pekee ya siku inayoahidi kuruka. Kuhubiri dhidi ya mikeka bila kujenga ngazi ni kumwondolea ahadi hiyo bila kumpa nyingine.

Hitimisho na mapendekezo

Hatua tatu zinawezekana kwa taasisi zilizopo. Kwanza, urasimishaji wa ujuzi unaofanywa na VETA ufuate vijana karakanani, uanagenzi uandikwe kwa mkataba wenye muda maalumu, na wasichana waingie kwa mlango huohuo. Huko Suame Magazine, eneo la karakana jijini Kumasi nchini Ghana, makubaliano ya mwanagenzi na fundi ni desturi, na kuhitimu kuna sherehe yake. Mkondo wa amali katika sekondari unaweza kuanza kwa kuwatambua mafundi wa Gerezani kuwa walimu. Pili, mikataba ya bodaboda iwe na kanuni zinazolinda kiasi kilichokwishalipwa. Tatu, asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vijana iwape kipaumbele waliohitimu uanagenzi, na mawinga wenye rekodi wasaidiwe kupata fremu za pamoja.

Hoja ya kusahauliwa inamfundisha mvulana kumwonea wivu dada yake. Hoja ya makala hii inamwelekeza kwa tajiri wa pikipiki, mwenye fremu, fundi mkuu na diwani, awaulize: kazi hii inaishia wapi, na nikifika mwisho wake nitakuwa nani?